Kadi Isiyokuwa na Kisingizio

Kadi ya Voodoo Graphics, iliyoingia madukani Marekani mwishoni mwa mwaka 1996, haikuweza kuandika barua. Haikuweza kuonyesha jedwali la hesabu, wala kufungua folda, wala kuchora kile kimshale kinachofuata mkono wa mtumiaji. Ungeichomoa kadi ya kawaida ya picha na kubakiza hii peke yake, kompyuta ingewaka, feni ingezunguka, na skrini ingebaki nyeusi. Ilikuwa kadi ya nyongeza, na kazi yake ilikuwa moja tu: kuchora dunia za pande tatu ndani ya michezo. Mchezo ukianza, inaamka. Mchezo ukiisha, inalala, na mwenyewe anaendelea na kompyuta ileile aliyokuwa nayo siku zote.

Namna ilivyofungwa inaeleza tabia yake. Nyuma ilikuwa na matundu mawili. Kebo fupi ilitoka kwenye kadi ya zamani, ikapita nje ya kasha, ikaingia tundu la kwanza. Monita ikachomekwa la pili. Kwa hiyo kila ulichokitazama, hata barua yako ya kuomba kazi, kilipita kwanza ndani ya kadi ya michezo ndipo kikufikie machoni. Na kilipopita hapo kilififia kidogo. Herufi zilipoteza ukali wake, hasa kwenye monita nzuri iliyopandishwa ukubwa wa picha. Tatizo hilo lilitokana na mfumo wenyewe wa kupitisha picha kwa waya wa nje, na lilizihusu kadi za aina hiyo kwa jumla, za kampuni hii na za kampuni ile. Ukungu huo mdogo ndio ulionifanya niikumbuke kadi hii baada ya miaka mingi. Mtu alitoa karibu dola 300, akapata kitu kisichomsaidia kazi yoyote, na juu yake kikaziharibu kidogo kazi zake nyingine. Na alirudi nyumbani akiwa amefurahi.

Wengine wetu tumekulia mahali ambapo kompyuta ilitakiwa kujieleza. Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya ile iliyofungwa kwa ajili ya hesabu za Wizara ya Fedha kuleta vurugu kuliko nafuu, na marufuku hiyo ilichukua miaka mingi kulegea. Naweza kuielewa hofu ile. Fedha za kigeni zilikuwa haba, na mashine iliyogharimu nyingi bila kurudisha chochote ilionekana kama ufujaji. Lakini baada ya milango kufunguka, lile swali halikuondoka. Lilihama tu kutoka ofisi za serikali likaingia sebuleni. Familia chache za Dar es Salaam zilizomiliki kompyuta katika miaka ya tisini zilikuwa na jibu tayari kwa kila mgeni aliyeikodolea macho: hii ni ya watoto, kwa ajili ya masomo. Kitambaa cha kufumwa kilifunikwa juu yake, na watoto wenyewe waliruhusiwa kuigusa kwa ratiba.

Nilipofika Ohio kusoma, nilidhani nimekiacha kisingizio hicho ng'ambo ya bahari. Nikakikuta. Huko nako baba alinunua kompyuta yenye kiendeshi cha diski na ensaiklopidia ya Encarta ili mtoto afanye vizuri shuleni, na mtoto akaweka mchezo wa Doom usiku uleule. Baba alijua. Mama alijua. Lakini bei ilikuwa kubwa, na kitu cha bei kubwa hakina budi kuwa na faida inayoweza kutajwa mbele ya wageni.

Tuna mchezo ambao hatujawahi kuudai maelezo. Mzee anayecheza bao barazani Unguja tangu alasiri mpaka adhana ya magharibi, akihesabu kete kwa jicho moja na kumsoma mpinzani wake kwa jingine, haulizwi na mtu anajenga nini (ila na mkewe, na yeye ana sababu zake). Ule ubao umechongwa na fundi, umelipiwa, unatunzwa, na hauna kazi nyingine duniani. Hautumiki kukatia nyama. Tofauti ya ubao ule na kompyuta ni kwamba kompyuta inafanya kazi nyingi, na kwa kuwa inafanya nyingi, mwenyewe ana mahali pa kujificha. Voodoo ilikiondoa kificho hicho. Ndiyo maana naiona kuwa kifaa chenye ukweli kuliko vyote vilivyowahi kuuzwa kwa ajili ya kompyuta ya nyumbani.

Walioitengeneza walitoka kwenye shughuli nzito. Ross Smith, Gary Tarolli na Scott Sellers walikuwa wamepitia Silicon Graphics, kampuni ambayo mashine zake zilitumika kuwatengeneza dinosaria wa filamu ya Jurassic Park, na ambazo bei yake ilihesabiwa kwa makumi ya maelfu ya dola. Mwaka 1994, huko San Jose, California, wakisaidiwa na mwekezaji Gordon Campbell, walianzisha kampuni ya 3dfx. Walijiuliza ni nini katika mashine zile kubwa kinachohitajika kwa mchezo, wakakibakiza hicho, wakatupa mengine yote. Mwanzoni waliilenga chipu yao kwa mashine za kumbi za michezo, zile za kutia sarafu, kwa sababu mwenye ukumbi angeweza kumudu bei. Kilichoileta majumbani kilikuwa soko la kumbukumbu: mwaka 1996 bei ya chipu za kumbukumbu iliporomoka vibaya, na kadi ambayo ingekuwa ndoto ikawa inawezekana. 3dfx wenyewe hawakuuza kadi. Waliuza chipu kwa kampuni nyingine, na wateja wakakutana nazo kwa majina kama Righteous 3D ya Orchid na Monster 3D ya Diamond. Majina yenyewe, utadhani ya mabondia.

Ubanaji wao unavutia ukiupigia hesabu. Kadi ilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 4, na zilikuwa zimegawanywa kabisa: megabaiti 2 kwa picha inayochorwa, megabaiti 2 kwa ngozi za kuta, sakafu na viumbe. Picha moja ya pikseli 640 kwa 480, kila pikseli ikichukua baiti mbili, inahitaji baiti 614,400. Zinatakiwa picha mbili, moja ikionekana na nyingine ikiandaliwa. Inatakiwa pia nafasi nyingine ya ukubwa uleule ya kukumbuka kila pikseli iko umbali gani, ili kilicho nyuma ya nguzo kisichorwe mbele yake. Zidisha kwa tatu: 1,843,200. Megabaiti 2 ni baiti 2,097,152. Imeingia, na kilichobaki ni kidogo. Ukitaka pikseli 800 kwa 600, picha mbili peke yake zinakula 1,920,000 na ile kumbukumbu ya umbali inakosa mahali. Kadi nzima, na maelfu ya saa za furaha zilizotokana nayo, imesimama juu ya hesabu hiyo ya darasa la sita.

Tuje sasa kwenye kilichoonekana, maana bila hicho hakuna ambaye angetoa hata senti.

Mchezo wenyewe uliozifanya kadi hizi zinunuliwe ulikuwa Quake, wa kampuni ya id Software ya Texas, uliotoka Juni 1996, kabla ya Voodoo kufika madukani. Ulipotoka haukuhitaji kadi yoyote. Prosesa ya kompyuta ndiyo iliyochora kila kitu, kwa kawaida kwa pikseli 320 kwa 200, rangi 256 tu, nyingi za hudhurungi. Hata hivyo ulikuwa ufundi wa ajabu. Fikiria ukuta wa matofali unaokwenda mbali na macho: tofali la mbali huonekana dogo kuliko la karibu, na ili kulipata hilo sawasawa kila pikseli inahitaji hesabu ya kugawanya. Kugawanya ndiko kunakoichosha prosesa kuliko hesabu nyingine za kawaida. John Carmack na Michael Abrash hawakuwa na muda wa kugawanya mara 64,000 kwa kila picha. Basi wakagawanya mara moja kwa kila pikseli 16, na zile za katikati wakazikadiria kwa mstari ulionyooka, jicho halikugundua. Wakaenda mbali zaidi. Prosesa ya Pentium ilikuwa na sehemu moja ya kushughulikia namba za desimali na nyingine ya namba kamili. Sehemu ya kwanza ilipokuwa bado inahangaika kugawanya kwa ajili ya kipande kinachofuata, ya pili iliendelea kupaka rangi kipande kilichotangulia. Hakuna dakika iliyopotea, wala sehemu ya dakika. Abrash ameyaandika mwenyewe mambo haya, na kuyasoma ni sawa na kusimama nyuma ya fundi mkubwa akiwa kazini.

Januari 1997 id Software walitoa GLQuake, toleo lililoiachia kadi kazi hiyo. Carmack alikuwa ameshatangaza mwezi mmoja kabla kwamba anachagua lugha ya michoro ya OpenGL, iliyotokana na Silicon Graphics, badala ya Direct3D ya Microsoft, na 3dfx wakaandaa draiva ndogo yenye sehemu zile tu ambazo Quake ilizihitaji. Kadi iligawanya kwa kila pikseli, bila kukadiria, bila ujanja. Picha ikawa na pikseli 307,200, karibu mara tano ya zile za mwanzo, na maelfu ya rangi. Na kuta zikabadilika. Zamani ukiusogelea ukuta ulipasuka kuwa vigae vikubwa vya mraba. Sasa kadi ilichukua rangi za vidoa vinne vilivyo jirani, ikazichanganya, na ukuta ukawa laini hata ukiubandikia pua. Maji yaliweza kupenywa na macho hadi upande wa pili. Mara ya kwanza kuona vile, watu wengi walisogeza tu macho ya mchezaji huku na huku kwenye kona moja ya kasri, wamesahau kwamba kuna adui anakuja.

Nina neno la kusema hapa ambalo washabiki wenzangu hawalipendi. Kitu kilipotea. Rangi maalumu zilizowekwa ili zing'ae hata gizani, vile vitaa vidogo kwenye vibao na mashine, zilizimika katika GLQuake ya mwanzo. Mwanga mkali uliokuwa ukiziangaza kuta kupita rangi zake halisi ulikatwa. Ukizama majini, skrini nzima ambayo zamani iliyumba kama uko ndani ya wimbi ilibaki imetulia. Na ule ulaini wenyewe: jiwe la Quake ya zamani lilikuwa na makwaruzo, lilikuwa jiwe; la GLQuake mara nyingine lilifanana na jiwe lililopakwa samli. Leo wako wanaorudi kuicheza ile ya pikseli kubwa kwa hiari yao, na wakisema ni nzuri zaidi sioni wamekosea. Mwaka 1997 hakuna aliyekuwa tayari kusikia hivyo, mimi nikiwamo. Tulikuwa tumechoka na vigae.

Kazi ya Abrash ndiyo inayonisikitisha kidogo. Akili ile yote, ile ya kugawanya kwa kila pikseli 16, ilikuwa na umri wa miezi michache tu pale kipande cha silikoni cha megahezi 50 kilipoifanya isihitajike. Hakuna aliyedhulumiwa, id wenyewe ndio walioifungulia kadi mlango. Lakini ufundi uliochukua muda mrefu kukomaa ulistaafishwa ukiwa kijana, na sisi tuliokuwa tukishangilia maji maangavu hatukuuliza habari zake.

Kadi yangu niliinunua mwaka 1997, bei iliposhuka hadi karibu dola 200, kwa fedha za kuosha vyombo kwenye bwalo la chuo. Ilikuwa Righteous 3D. Aina hiyo ilikuwa na rilei za kweli ndani yake, swichi za chuma zinazovutwa kwa sumaku, kwa hiyo kila mchezo ulipoanza kasha la kompyuta lilitoa mlio: ta! Skrini inakuwa nyeusi nukta moja, kisha nembo ya 3dfx inajizungusha. Aliyechumbiana na kadi ile hausahau mlio huo. Ulikuwa tangazo la hadharani. Mwenzangu wa chumba, aliyekuwa akijiandaa na mitihani ya udaktari, hakuhitaji kugeuza shingo ili ajue kwamba mimi sisomi tena.

Nyumbani Tanga habari zilifika kupitia binamu. Siku hizo simu ya kimataifa ilipigwa kwa kadi za kukwangua na kila dakika ilikuwa na bei, kwa hiyo mama hakuzunguka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia umenunua kompyuta nyingine."

"Si kompyuta, mama. Ni kitu cha kutia ndani ya kompyuta."

"Cha masomo?"

Ningeweza kusema ndiyo. Kwa kitu kingine chochote ningesema ndiyo: kumbukumbu ya ziada, printa, hata spika. Kwa hiki sikuweza kuupata uongo wenye miguu.

"Cha mchezo, mama."

Simu ilikaa kimya. Ikahesabu senti zake.

"Haya. Lakini unakula?"

Jambo jingine la kununua mapema ni kwamba hununui kilichopo. Siku nilipofunga kasha na kukaza skrubu, michezo iliyoijua kadi ile ilikuwa michache: Quake, Tomb Raider baada ya kutiwa kiraka chake, na mingine iliyokuja na diski ndani ya boksi. Thamani yake yote ilikuwa kwenye michezo ambayo haijaandikwa bado, na waandishi wake walikuwa wakisubiri kuona kama wanunuzi watatosha. Kila upande ulimtazama mwenzake atangulie. Mnunuzi wa mapema ndiye anayetangulia, na hufanya hivyo bila dhamana yoyote, maana wakati uleule rafu zilijaa kadi nyingine zilizojinadi kwa maneno yaleyale ya "pande tatu". S3 ViRGE ilikuwa rahisi na ilifanya kazi zote mbili, barua na michezo, ila kwenye michezo mizito ilichora polepole kiasi kwamba watu walisema inapunguza mwendo badala ya kuuongeza. Matrox Mystique ilikuwa na herufi safi sana na haikujua kulainisha kuta. Kampuni changa iliyoitwa NVIDIA ilikuwa imetoa chipu yake ya kwanza, NV1, mwaka 1995; ilichora kwa nyuso zilizopinda wakati dunia nzima ilikuwa ikielekea kwenye pembetatu, na ikashindwa sokoni. Aliyeingia dukani mwaka ule akachukua boksi lenye picha nzuri zaidi alikuwa na nafasi kubwa ya kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Aliyechukua Voodoo alibahatika, au alikuwa ameiona ikifanya kazi kwa rafiki. Mara nyingi ilikuwa hivyo. Kadi hii ilijiuza chumbani kwa mtu: unaingia kumsalimu, unakuta Quake iko wazi, unaondoka ukiwa unapiga hesabu ya akiba yako.

Na ilikuwa na wivu. 3dfx waliwapa waandishi wa michezo lugha yao wenyewe, Glide, nyepesi na ya karibu sana na chipu. Mchezo ulioandikwa kwa Glide ulikwenda vizuri kuliko kwa lugha nyingine, na haukwenda popote isipokuwa kwenye kadi za 3dfx. Kwa miaka michache wivu huo uliwafaa. Mwaka 1998 ilikuja Voodoo2, bado haijui barua, na sasa ungeweza kufunga mbili zikasaidiana, moja ikichora mistari ya shufwa na nyingine ya witiri, hadi pikseli 1024 kwa 768. Kadi tatu ndani ya kasha moja: moja ya kazi na mbili za mchezo. Sijui kama anasa imewahi kujitangaza kwa uwazi kuliko hapo.

Kisha mambo yakaenda haraka. NVIDIA, waliojifunza kutokana na kushindwa kwao, walitoa RIVA 128 mwaka 1997, kadi moja ya barua na michezo pamoja, na wakaendelea kutoa mpya kila mara. Desemba 1998 3dfx walitangaza kuinunua STB Systems, kampuni iliyotengeneza kadi na yenye kiwanda Ciudad Juárez, Mexico, wakaanza kuuza kadi zao wenyewe. Wale waliokuwa wateja wao wa chipu wakalazimika kuhamia kwa washindani. Voodoo3 ya mwaka 1999 ilikuwa ya haraka, ikabaki na rangi za biti 16 wakati wenzake wameshafika 32. Desemba 2000 ilitangazwa kwamba NVIDIA wanachukua mali ya 3dfx. Draiva mpya zikakoma. Waliokuwa na kadi hizo walianza kujiandikia draiva wenyewe, na baadhi yao waliendelea kwa miaka, kwa ajili ya vifaa vya kampuni iliyokwisha kufa.

Siku hizi hadithi hii husimuliwa na mwisho mwingine. Wanakuambia: NVIDIA ile ikaja na CUDA mwaka 2007, ikaziruhusu kadi za michezo kufanya hesabu za aina yoyote. Mwaka 2012, katika Chuo Kikuu cha Toronto, Alex Krizhevsky akafundisha mtandao wa neva kutambua picha kwa kutumia kadi mbili za GTX 580, kadi za dukani za wacheza michezo, kwa siku tano hadi sita, na matokeo yake yakawaacha washindani mbali. Kutoka hapo zikaja programu zinazotafsiri, zinazosoma picha za eksirei, zinazoandika. Kwa hiyo, husema wasimulizi hawa, wale vijana wa mwaka 1996 hawakupoteza fedha zao. Walikuwa wakigharamia akili bandia bila kujua.

Habari zenyewe ni kweli. Sizipingi. Hesabu zinazochora pembetatu na hesabu zinazofundisha mitandao ya neva zina undugu wa karibu: zote ni kuzidisha na kujumlisha kwingi sana kwa wakati mmoja, na bila mamilioni ya watu waliolipia maji maangavu na vivuli, hakuna ambaye angetengeneza chipu kama hizo kwa bei ile. Ninachokikataa ni lile "kwa hiyo". Ni kitambaa cha kufumwa kinachofunikwa juu ya mashine baada ya miaka thelathini. Kisingizio cha masomo kimerudi kikiwa kimevaa suti, na sasa kinatolewa kwa niaba ya watu ambao hawakukiomba. Mimi sikuigharamia sayansi yoyote. Nilikuwa nataka kuona ngome ya Quake ikiwa na kuta laini, nikaiona, na dola zile zilikuwa zimeshalipwa fidia yake usiku wa kwanza. Kama NVIDIA wangefilisika nao, kama Krizhevsky angesomea ushairi, ununuzi ule ungekuwa na thamani ileile.

Nalisema hili kwa ukali kwa sababu naona jinsi tunavyowauliza watoto wetu. Kijana wa Nairobi au Mwanza anayeweka akiba anunue kadi ya michezo ameshajifunza kujitetea: ataitumia kuhariri video, atajifunza kutengeneza programu, atapata kipato mtandaoni. Huenda ni kweli. Huenda pia anataka kucheza mchezo wa mpira bila picha kukwamakwama, na ametufahamu vya kutosha kujua kwamba jibu hilo halitapita. Mama yangu alilipokea katika simu ya senti kwa dakika, akahamia kwenye swali lenye maana zaidi.

Kompyuta nyingi za mitumba ziliingia Afrika Mashariki kutoka Ulaya, Marekani na Ghuba, na baadhi bado zimekaa stoo za shule, ofisi na mafundi zikisubiri kuuzwa kwa kilo. Ukipata moja ya miaka ile, ifungue kabla haijaenda kwa wanunuzi wa skrepa. Tafuta kadi iliyo kwenye sloti ya PCI, yenye matundu mawili ya monita yanayofanana, pamoja na chipu mbili kubwa zilizoandikwa 3Dfx. Wakusanyaji wanazitafuta na wanazilipia, lakini ushauri wangu ni ukae nayo kwanza. Itakubali kufanya kazi kwenye Pentium ya miaka ile yenye Windows 95 au 98, na draiva zake bado zinapatikana bure mtandaoni. Kinachopotea kwanza huwa ni ile kebo fupi ya nje. Ikikosekana usihangaike: chomeka monita moja kwenye kadi ya zamani na nyingine kwenye Voodoo, washa GLQuake, na utazame ile ya pili.